Jua ni la bure, umeme wake una gharama

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kauli ninayoisikia mara nyingi hapa Wete, kwamba umeme wa jua ni wa bure. Jua lenyewe halina bei, lakini paneli, betri na nyaya hununuliwa, na betri ya madini ya risasi na tindikali, kama ile ya gari, hata ikitunzwa vizuri, huchoka baada ya miaka michache. Yangu ya mwanzo ilikufa mapema kwa sababu kila usiku niliitumia mpaka taa zikafifia, wala aliyeniuzia hakunieleza kwamba betri ya aina ile haitakiwi kumalizwa chaji. Juu ya bati nako, hewa ya chumvi ilikwishakula skrubu za fremu.

Siupingi umeme wa jua. Kabla ya waya wa baharini kutoka Tanga kufika Pemba mwaka 2010 tulitegemea majenereta ya dizeli, na wenzetu wa Unguja walikaa gizani takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, kwa hiyo thamani ya kuwa na chanzo chetu wenyewe tunaijua. Ninachoomba ni tuanze kwa kupunguza matumizi: taa ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60, na nyumba yenye taa hizo huhitaji paneli na betri ndogo zaidi. Na betri mbovu, ambazo nimeziona zimetupwa chini ya mikarafuu, zitafutiwe mahali pa kukusanywa kabla ya risasi na tindikali kufika visimani.

Mkaazi wa Wete,
Pemba