Kikohozi cha mtoto kisichoisha, ulizeni kama alipaliwa

Mhariri, salaam. Naomba nafasi niseme hili, mimi ni nesi wa wodi ya watoto na linaniuma sana.

Mtoto wa mwaka na nusu anatafuna karanga huku anakimbia na kucheka, ghafla anapaliwa, anakohoa mpaka machozi, anapigwapigwa mgongoni, anatulia, watu wanaendelea na shughuli zao. Kumbe karanga haijatoka, imeshuka pafuni, na mara nyingi ni pafu la kulia maana njia yake ni pana na imenyooka zaidi. Baadaye homa na kikohozi, anapewa dawa za nimonia, anapata nafuu, dawa zikiisha inarudi, sasa wanasema pumu, mwingine anaanzishiwa kabisa dawa za TB na huku pafu linazidi kuharibika. Na eksirei jamani isiwatulize, sarafu itaonekana ila karanga au plastiki haionekani, picha inaweza kutoka safi kabisa!

Halafu kuna samli na mafuta, mtoto anabanwa pua ndo anyweshwe, au ana mafua anadondoshewa mafuta puani, kwa nia njema tu. Mafuta hayamkeri koo, yanateleza mpaka mapafuni bila hata kukohoa. Mtafiti mmoja, Laughlen, aliandika habari hizi za nimonia ya mafuta tangu 1925 lakini mpaka leo zinatupita, hata maabara wasipoambiwa watafute mafuta wanaweza wasiyaone, kwa sababu kemikali za kuandalia kipande cha pafu kinachopimwa zinayayeyusha.

Madaktari na manesi wenzangu, nimonia ikirudi palepale, au pumu inapiga filimbi upande mmoja tu, muulizeni mama taratibu, tena muulizeni na bibi na dada wa kazi maana wao ndo walikuwepo. Mkiuliza kwa ukali watanyamaza. Na wazazi semeni, hata kama ni miezi imepita, hakuna wa kuwalaumu. Hapo ndo mtoto apewe rufaa ya bronkoskopi, analazwa usingizi, kamera inapita njia ya hewa na kitu kinatolewa. Daktari Killian kule Ujerumani alitoa mfupa kwa kupitisha bomba njia ya hewa mwaka 1897, kwa hiyo si jambo geni.

Wizara ya Afya nayo naiomba swali la kupaliwa libandikwe kwenye kila chumba cha daktari, mpaka zahanati za vijijini.

Nesi, Tanga