Kwa Nini Kubadilisha Injini ya Pikipiki ya Porini Huchukua Siku Kadhaa

Wiki iliyopita mteja wetu mmoja alifika karakanani hapa Arusha asubuhi na mapema, akaikuta pikipiki yake ipo juu ya stendi, haina tenki wala shokapu ya nyuma, na injini mpya imeegemezwa juu ya vipande vya mbao. Ilikuwa siku ya nne tangu atuachie kazi. Alituuliza kwa hasira ni kwa nini injini aliyoinunua Kariakoo ikiwa kamili, pamoja na kabureta na CDI yake (kifaa cha umeme kinachoamuru cheche ya plagi), ishindwe kuingia kwenye fremu kwa siku zote hizo, na kwa nini ufundi ugharimu karibu nusu ya bei ya injini yenyewe. Aliondoka akiamini kwamba tunamwibia. Kwa kuwa malalamiko ya namna hii tumeyapokea mara nyingi, tumeona ni haki wateja wetu wafahamu kinachofanyika katika siku hizo nne.

Pikipiki nyingi tunazoletewa kwa kazi hii ni Honda XL125, Yamaha DT125 na Suzuki TF125 za zamani, zile ambazo mabwana shamba na watumishi wa miradi walizitumia kufika vijijini. Fremu zake bado ni imara na shokapu zake ni ndefu, lakini injini zimechoka na spea zake ni adimu. Mwenye pikipiki huamua kuweka injini ya Kichina ya muundo wa CG, na huo ni uamuzi mzuri. Muundo huo ulianza na Honda CG125 ya mwaka 1976. Kemshafti yake, yaani mhimili unaofungua valvu, ipo chini, inazungushwa na meno badala ya cheni ya ndani, na spea zake zinapatikana hata kwenye maduka madogo ya mikoani. Injini ambayo wateja wengi huichagua ina alama 163FML. Tarakimu ya kwanza inaonyesha kwamba ina silinda moja, 63 ni upana wa silinda kwa milimita baada ya kuacha nusu milimita, na herufi L inaonyesha daraja la cc 200. Ukiipima kwa hesabu utapata cc 197.

Kuingia kwa injini ndani ya fremu hakuna shida, kwani nafasi ipo. Kazi iko katika kuikalisha, na kipimo kinachotuchukulia muda mwingi kuliko vyote ni mstari wa cheni. Sproketi ya mbele, yaani gurudumu la meno linalovuta cheni, ambayo ni ya injini mpya, lazima ilingane na sproketi ya nyuma, ambayo ni ya pikipiki ya zamani, na mara nyingi hutofautiana kwa milimita kadhaa. Cheni ikienda upande hula meno ya sproketi upande mmoja, kisha huruka, na ikiruka ukiwa kwenye mwendo inaweza kujikunja mbele, ikapasua kava la injini au ikalifunga tairi la nyuma. Aidha, pikipiki ya porini ina tairi la nyuma linalopanda na kushuka sana, na kadiri sproketi ya mbele inavyokaa mbali na ekseli ya mkono unaoshika tairi la nyuma, ndivyo cheni inavyokaza na kulegea zaidi tairi linapocheza. Ndiyo maana tunaitoa shokapu. Tunalinyanyua tairi kwa mikono kutoka chini hadi juu, tunatafuta mahali ambapo sproketi ya mbele, ekseli ya mkono na ekseli ya tairi vinakaa katika mstari mmoja, kwa sababu hapo ndipo cheni hukaza kuliko popote, na tunahakikisha kwamba hata hapo bado ina ulegevu. Mteja akiiona pikipiki isiyo na shokapu huhisi imetelekezwa, ilhali hiyo ndiyo siku ambayo tumefanya kazi kubwa kuliko zote.

Baada ya hapo ndipo tunapokata karatasi ngumu kuwa vielelezo vya vishikio vya kuifunga injini kwenye fremu, tunavijaribu, kisha tunakata vyuma vya milimita 6 na kumpelekea mkerezaji bushi za kujaza nafasi, kila moja kwa kipimo chake. Baadhi ya fremu za aina hii hazina bomba linalopita chini ya injini. Kwenye hizo, injini yenyewe ndiyo inayounganisha bomba la mbele na sehemu ya nyuma, na kwa hiyo vishikio vyake vinabeba pikipiki nzima.

Njia ya mkato tunayoiona mara kwa mara ni kuchomelea. Miaka miwili iliyopita tulipokea pikipiki ya kijana anayewaongoza watalii upande wa Ziwa Natron. Mchomeleaji wa mtaani kwake alikuwa ameiweka injini kwa macho, akaifunga waya, kisha akachomelea vishikio kwenye fremu injini ikiwa ndani na betri ikiwa imeunganishwa. CDI iliungua siku hiyo hiyo. Mabomba yalipopoa yalijivuta, matundu yakaachana, na bolti ikaingizwa kwa nyundo. Baada ya miezi mitatu ya barabara yenye mawe, sikio la alumini la injini, lile linalopita bolti ya kishikio, lilikatika. Tulilazimika kununua nusu ya boksi ya injini, kuifungua injini yote hadi krenki, kukata vishikio vya zamani na kuinyoosha fremu. Alilipa zaidi ya mara mbili ya makadirio tuliyompa mwanzoni, yale aliyoyakataa kwa kusema ni makubwa mno, na kazi hiyo ilituuma hata sisi tulioifanya.

Jambo jingine ni urefu wa injini. Wapo wauzaji wanaomwambia mteja kwamba CG na CB, ambayo ni muundo mwingine wa injini, ni kitu kimoja. CB ina kemshafti juu, kwa hiyo kichwa chake ni kirefu zaidi, na kwenye baadhi ya fremu hugusa bomba la juu. Hata CG huwa hatuikalishi mpaka tumehakikisha kwamba kifuniko cha tapeti (sehemu ya kurekebisha nafasi ya valvu) kinafunguka injini ikiwa mahali pake. Mzee mmoja wa Monduli aliletewa pikipiki iliyofungwa vizuri kwa macho, lakini kila alipotaka kurekebisha tapeti ilimlazimu kuishusha injini nzima, na matokeo yake hakuzirekebisha kabisa mpaka valvu ya moshi ikaungua.

Kuhusu hewa, tunaomba sana boksi la chujio lisikatwe ili kupisha kabureta. Vumbi letu ni kali, na hewa ikizidi petroli injini hupata joto hadi pistoni kuyeyuka. Kuhusu umeme, CDI inayotumia umeme wa betri na ile inayolishwa moja kwa moja na koili ya injini hazibadilishani, hata kama plagi zake zinafanana. Na namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya pikipiki, kwa hiyo tunza risiti yako ya dukani na ushughulikie mabadiliko hayo TRA kabla hujaanza kuitumia barabarani.

Bei yetu hatuipandishi kwa sababu mteja ana haraka, na hatuishushi kwa kuruka kipimo. Mkerezaji tunamlipa kwa kila bushi, bolti tunanunua za daraja la 8.8, na muda wa fundi kusimama na rula pembeni ya cheni ni muda wa kazi kama ule wa kufunga nati. Makadirio tunayatoa baada ya kupima, si kwa simu, na utakapotuletea pikipiki tunaomba uje na injini, CDI, kabureta, kiki na pedeli ya gia kwa pamoja, kwa sababu kiki inayogonga kikanyagio inaweza kuturudisha kwenye vielelezo vya karatasi.

Pikipiki ya mteja wetu wa wiki iliyopita ilihitaji sproketi ya nyuma isogezwe nje kwa milimita 7. Bushi zake zimerudi jana kutoka kwa mkerezaji, na leo tunamrudishia shokapu yake.