Sikutuma malengo

Lamu, Jumapili 28 Desemba 2025

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku wazima alhamdulillahi, mama anakusalimu, watoto wanakusalimu, na punda wa Athman nae naona anakusalimu maana yuko hapa chini ya dirisha analia tangu alfajiri sijui kakosa nini. Wa baad, kama wazee wetu walivyokuwa wakiandika kabla ya kuingia kwenye jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni grupu. Najua umekasirika. Ulisema kila mtu atume malengo yake matano ya 2026, mwisho Ijumaa, Time akatuma, Zuhura akatuma saba (Zuhura!), hata Mwanakheri ambae hajawahi kujibu kitu tangu grupu lifunguliwe akatuma, mimi nikaweka dole gumba nikanyamaza. Halafu ukaandika "kuna wengine hawataki maendeleo". Nilicheka, halafu nikanuna, halafu nikasema acha nimwandikie, tena kwa maandishi, maana voisi za watu unazisikiliza kwa spidi ya mara mbili na mimi sitaki kusikika kama chiriku.

Sikukataa shoga. Nilikaa barazani na simu, nikaandika "1", nikaitazama ile moja mpaka kioo kikazima chenyewe.

Sababu ni daftari. Wiki mbili zilizopita nilikuwa natafuta kadi ya kliniki ya mama kwenye kasha, nikakuta daftari la Salim la hesabu, nyuma yake malengo yangu ya 2025. Unakumbuka tuliyaandika pamoja kwa simu usiku ule, wewe yako mimi yangu? Kumi na mawili, kwa kalamu ya bluu, nimepiga na mstari kwa rula, wallahi mtu angeona angesema huyu ni karani wa serikali. Kuweka akiba mia tano kila wiki. Kupunguza kilo nane. Kuamka saa kumi usiku kila siku. Kumaliza kozi ya cherehani. Kutomjibu wifi. Lile la wifi nililivunja tarehe nne Januari na sijutii, ungekuwepo ungemjibu wewe kabla yangu. Na zile kilo nane, nimeongeza tatu juu, na zote tatu nazijua kwa majina, mbili ni mkate wa sinia na moja ni kaimati.

Nikachukua kalamu nikaanza kusahihisha kama mwalimu. Kosa. Kosa. Kosa. Nilipofika la tisa machozi yananitoka, na mimi sikujua hata nalia nini, maana nani analilia kozi ya cherehani?

Sasa nikukumbushe mwaka wenyewe ulivyokuwa, ingawa mengine unayajua. Mama alianguka kumi la pili la Ramadhani. Ngazi zetu unazijua, ile ya tatu kutoka juu ilivyo fupi kuliko wenzake, sisi miguu yetu inaijua gizani, yeye miaka sitini anaipanda na kuishuka, siku hiyo ameshika bakuli la uji mguu ukamsaliti. Tulipompeleka mara ya kwanza tukaambiwa ni mshtuko wa misuli, apumzike. Akapumzika wiki mbili analia kila akigeuka, ndio tukamvusha Mokowe, watu wanne wamelishika godoro ndani ya boti, maji yanarusha, yeye anatuuliza nani kamfungia paka, kisha safari ya Mombasa usiku mzima. Nyonga imevunjika. Akatiwa chuma. Tumerudi nyumbani Mei, na tangu hapo mimi ndio mguu wake.

Nimejifunza kumgeuza bila kumuumiza, mkono mmoja begani mwingine chini ya paja, unahesabu nae moja mbili tatu ndio unavuta. Nimejifunza kumuosha nywele kitandani, karai chini ya kisogo, nailoni imekunjwa pembeni maji yashuke, kata moja moja. Na akiisha kuoga hataki kujua habari nyingine mpaka apate asumini. Kama hakuna asumini hajaoga. Niliwahi kutoka saa moja usiku na mvua kwenda kugonga kwa Bi Rukia kwa ajili ya asumini za shilingi ishirini.

Sasa niambie, hayo yako wapi kwenye daftari? Hakuna. Ile karatasi ilikuwa inanisomea hukumu ya mwaka ambao haikuujua. Hilo ndilo lililonishika, na nikisema nitume tena mengine matano mkono haukubali.

Mama akanisikia navuta kamasi. "Wandika nini wewe?" Nikamsomea yote kumi na mawili. Alicheka mpaka nikaogopa ile nyonga. Halafu akaniambia na kile Kiamu chake, "Kwani mwaka wayua kusoma?" Yaani, huo mwaka unajua kusoma?

Basi siku hiyo hakulala, akaanza habari za babake. Babu alikuwa nahodha wa jahazi, akipakia boriti anakwenda nazo Arabuni kwa upepo wa kusi anarudi kwa upepo wa kaskazi, na hakuwa na kalenda ya ukutani, alikuwa anahesabu miongo. Siku kumi kumi, mwongo wa kwanza, wa pili, mpaka 365 zitimie, kuanzia Siku ya Mwaka, ile Nairuzi ya wazee ambayo wenzetu wa Makunduchi kule Unguja mpaka leo wanaikoga kila Julai. Alikuwa anajua mwongo upi kusi inalegea, upi matlai, upi kaskazi inashika ukifanya ajizi umeachwa. Na mama anasema mkesha wa Mwaka walikuwa wanazima moto jikoni, majivu yanatolewa nje yote, asubuhi watu wanateremka pwani kukoga, wakirudi wanawasha moto mpya, basi, wanapika. Nikamuuliza na babu je, alikuwa anajiwekea nini, anaapa nini? Akanitazama kama nimemuuliza babu alikuwa anavaa tai. "Aape kwa nani? Alikuwa akitizama pepo."

Nimekaa na hilo neno mpaka leo. Si kwamba wazee walikuwa hawapangi, kupakia jahazi ni mpango mkubwa kuliko wa Zuhura, lakini walikuwa wanaanza kwa kutazama kilichopo. Mimi Januari iliyopita nilianza kwa kutazama yule mwanamke ninaetaka niwe, mwembamba, anaamka saa kumi, hagombani na wifi, halafu mwaka mzima nikawa namdai deni yeye na yeye hayupo!

Na kingine, mbona sisi tunayo miaka mipya mingi tu? Huu wa Kiislamu wa 1447 uliingia Juni mwishoni mwishoni, nani aliniuliza malengo? Sasa tumo Rajab, katikati ya Februari mwezi ukiandama tumefunga, na hapo nia unaitia usiku wa leo kwa ajili ya kesho. Mimi nimesoma chuo cha Kurani pale Ukutani na wewe, tulifundishwa kutia nia kila usiku. Ukiharibikiwa leo unalipa siku moja, huambiwi Ramadhani yako yote imekufa. Lakini akiba yangu niliikosa wiki moja tu, ile ya ada ya Salim, nikasema basi, imeshaharibika, nikaacha mwaka mzima. Akili gani hiyo?

Zuhura ameweka kwenye statasi eti ukifanya jambo siku 21 linakuwa tabia. Salim kaniletea kutoka kwenye simu yake, kuna utafiti ulifanywa chuo kikuu kimoja London, University College, walifuatilia watu 96, wastani ukatoka siku 66, na kuna aliechukua siku 18 na kuna ambae walimkadiria siku 254. Mimi ni yule wa 254, nijue mapema nisisumbuke. Na walisema pia ukikosa siku moja haiharibu kitu. Hilo Zuhura hakuweka.

Narudi kwenye akiba maana hapo ndipo nilipojishangaa. Tangu Julai nauza bajia jioni hapo mlangoni, mama akiwa amelala, na kuna kopo la maziwa ya unga tupu juu ya kabati, nikifunga biashara sarafu zilizobaki natia. Ishirini, hamsini, siku nyingine hakuna, siku nyingine nalikopa lenyewe nanunua unga wa dengu halafu narudisha au sirudishi. Sikuandika mahali. Sikuapa. Wala silihesabu. Lakini jana nimelinyanyua kufuta vumbi nikalazimika kutumia mikono miwili. Mwanaidi, mikono miwili! Mia tano za kila wiki zilinishinda na zilikuwa na rula.

Najua utasema hiyo nayo ni lengo nimelivika buibui. Labda. Na sisemi orodha ni mbaya kwa kila mtu, wewe zako zinakufaa, ile cherehani ya pili ulivyoipata nilikuwa naona kwa macho unavyofuta moja moja. Wewe ukiandika unakwenda. Mimi nikiandika naona nimeshamaliza, najipongeza, nalala. Basi 2026 nataka niingie mikono mitupu, niamke niangalie siku imekuja na nini, mama ameamka na hali gani, unga upo, upepo upo, ndio niseme haya leo tufanye hivi. Nikishindwa nimeshindwa Jumanne, si mwaka. Ndio fikra yenyewe, sina nyingine, na haikai kwenye grupu maana ningeandika hivyo Time angenitumia dua.

Katika nyumba hii mwenye lengo mmoja tu, kaka yangu Lali, eti mwaka huu mashua yao inashinda yale mashindano ya tarehe moja Shela. Ni mwaka wa sita nasikia hilo. Wiki nzima wako pwani wameilaza ubavu wanapaka deheni, mikono yote inanuka shahamu, anakuja kula hivyo hivyo. Na wifi ndie anamfulia, kwa hiyo Mungu yupo.

Sasa nina shida, ndio nisikufiche. Mama ameanza kusimama. Anashika kiti, hatua tatu nne, halafu kiti kinateleza kwenye sakafu roho yangu inatoka. Nataka ule mkongojo wa chuma wa miguu minne, unaosukumwa mbele. Huku nimeulizia, bei wanayoniambia ni ya kununua punda. Hebu niulizie hapo Malindi, hata uliotumika, mradi mipira ya chini iwe haijaisha. Nitakutumia pesa kwa simu, uupe basi, Lali ataupokea Mokowe.

Na wewe je? Yule mpangaji alilipa au bado anakuzungusha? Kifua cha Hafidh kimetulia? Ulisema unakuja kabla ya Ramadhani, unakuja kweli au ni lengo namba tatu? Maembe yanakwisha ujue. Na ile kesi ya mamdogo wako imefika wapi, maana Time kaniambia nusu akanyamaza, unajua alivyo. Umeshaniondoa kwenye grupu? Sijafungua tangu juzi, naogopa.

Nijibu kwa maandishi.

Ni mimi shoga yako,
Mwanaisha

Nimesahau: nimelihesabu kopo. 6,870. Usimwambie Zuhura.