Risala ya wanachama wa klabu ya unasihi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi ya Shule, walimu wetu, wazazi na walezi wetu, wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kukubali kuwa nasi siku ya leo. Ni kawaida risala kuanza na historia ya chama na idadi ya wanachama. Kwa ruhusa yako, sisi tunaomba tuanze na kisiwa cha mbali, kwa kuwa ombi tutakalolifikisha kwako limetokana na yale tuliyojifunza mwaka huu kuhusu watoto wa huko.

Kisiwa hicho ni Kauai, kimojawapo cha visiwa vya Hawaii. Mwaka 1955, Hawaii ikiwa bado haijawa jimbo la Marekani, watafiti walianza kuwafuatilia watoto 698 waliozaliwa kisiwani humo mwaka huo, wengi wao wakiwa wa familia za wafanyakazi wa mashamba ya miwa na mananasi. Utafiti huo umebaki na jina la mwanasaikolojia Emmy Werner wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ambaye mwenyewe alikulia Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Yeye na wenzake waliwapima watoto wale walipozaliwa, kisha wakiwa na umri wa mwaka 1, miaka 2, 10, 18, 32 na 40. Tunaustaajabia uvumilivu huo wa kuwasubiri watoto mpaka wakawa watu wazima, badala ya kuwatolea hukumu mapema.

Baadhi ya watoto hao walianza maisha wakiwa wamelemewa na mambo manne au zaidi kwa pamoja: umaskini, matatizo wakati wa kuzaliwa, ugomvi usiokwisha nyumbani, wazazi walevi au wenye maradhi ya akili. Theluthi mbili yao walipata shida za masomo au za tabia kabla ya kutimiza miaka 18. Theluthi iliyobaki, vijana 72, walikua wakawa watu wenye kujiamini, wachapakazi na wenye kuwajali wengine, na walipofikia miaka 40 hapakuwa na hata mmoja wao asiye na kazi wala aliyekuwa na kesi mahakamani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, swali letu lilikuwa hili: hao 72 walikuwa na nini? Werner alikuta kwamba waliamini juhudi zao zinaweza kubadili hali yao, na kwamba wengi walipewa majukumu nyumbani, kama kuwalea wadogo zao, wakajiona wanategemewa. Zaidi ya yote, kila mmoja alikuwa na angalau mtu mmoja aliyempokea jinsi alivyo. Mtu huyo hakuwa lazima mzazi. Alikuwa bibi au babu, dada mkubwa, jirani, kiongozi wa dini, na mara nyingi alikuwa mwalimu.

Wapo watakaosema kwamba basi ile theluthi mbili ilikosa moyo wa kustahimili. Sisi hatukubaliani na maneno hayo, na utafiti wenyewe unayakataa, kwa sababu wengi wa waliopotoka ujanani walikuwa wamesimama imara walipofika miaka ya thelathini, baada ya kufunguliwa mlango wa pili: chuo cha jirani, kazi jeshini, ndoa yenye utulivu au jumuiya ya waumini iliyowapokea. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba mwanafunzi fulani ameshindikana, tunaomba kwanza tuulize ni nani aliyewahi kukaa naye akamsikiliza.

Hapa shuleni, mwalimu wetu wa malezi na unasihi anafanya kazi hiyo kwa moyo wote, lakini ana vipindi vingi sawa na walimu wengine, na humsikiliza mwanafunzi ndani ya ofisi ya walimu huku watu wakiingia na kutoka. Mwenzetu aliyefiwa na mama yake muhula uliopita alifika mlangoni mara mbili akarudi darasani bila kusema neno, kwa kuwa hakutaka kulia mbele ya watu.

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, utusaidie kukarabati chumba kilichokuwa stoo ya vitabu ili kiwe chumba cha unasihi. Kinahitaji mlango unaofungwa, dirisha na viti vitatu. Pili, utuombee kwa mamlaka husika mwalimu huyo apunguziwe vipindi, ili mwanafunzi akimtafuta amkute. Wanachama wa klabu tumekubaliana kupaka chumba hicho rangi na kukisafisha kila wiki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha. Karibu sana uzungumze nasi.