Ng'ombe wa maziwa wabaki na mama

Ndugu Mhariri,

Kila kiangazi kikikaza huku kwetu Longido, wazee hukaa chini ya mgunga wakaamua ng'ombe wahamie wapi na morani gani waende nao. Wanaobaki bomani huwa wawili watatu, pengine waliokwisha kukauka maziwa. Mama mwenye watoto wadogo hayupo kwenye kikao hicho. Huletewa jibu tu.

Mimi hujitolea kupima watoto siku za afya na lishe za kijiji. Wakati wa ule ukame uliotumalizia mifugo, nilimvisha utepe wa kupimia lishe mkononi mtoto wa miaka miwili, ukasoma njano, dalili ya utapiamlo wa wastani. Nikamuuliza mama yake mtoto amekunywa nini tangu asubuhi. Akanionyesha birika: chai ya rangi. Kibuyu chake cha maziwa kilikuwa kimening'inia ukutani, kikavu, hakijafukizwa kwa kijinga cha oloirien, mti tunaosafishia vibuyu, tangu ng'ombe waondoke. Nami nikamfundisha makundi ya vyakula, nikaenda zangu. Somo lile linaniuma mpaka leo.

Kwa Wamasai maziwa ni ya mama: yeye hukamua, yeye hugawa. Lakini ng'ombe ni wa baba, na ng'ombe akiondoka, sauti ya mama juu ya chakula cha mwanawe huondoka naye. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Elimu ya lishe peke yake haitawafikishia maziwa mdomoni.

Wazee wangu, nawaomba kwa heshima: kabla ya kuhesabu ng'ombe wa kuhama, waulizeni wake zenu wanahitaji wangapi wa kubaki.

Na halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 4 ya mapato ya ndani kuwakopesha wanawake. Sehemu ya fedha hizo inunue mbuzi wa maziwa. Mbuzi hula vichaka, huvumilia pale nyasi zinapokwisha. Ila mikopo hiyo inadai kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki. Mama asiyesoma Kiswahili atakwama mlangoni. Afisa maendeleo ya jamii amfuate bomani, wajaze fomu pamoja. Mbuzi waandikwe kwa jina la kikundi cha akina mama, wasije wakapelekwa mnadani wenyewe wakiwa wamekwenda kuchota maji.

Msomaji wenu,
Longido, Arusha