Kwa nini tunarudi mara ya pili: maneno ya wadudu yaliyo kwenye karatasi yetu ya kazi

"Mmepiga dawa, nimelipa hela yote, hata wiki mbili hazijaisha naona vidogo vyeupe vinatembea kwenye chaga. Mmenitapeli." Sisi tunaopiga dawa ya wadudu majumbani hatukosi ujumbe wa namna hii, na wa karibuni, wa kunguni, ametutumia dada mmoja wa Tabata. Tunaelewa hasira yake, maana aliyekesha akijikuna hana subira asubuhi. Lakini hakutapeliwa. Karatasi ya kazi aliyotia saini ina mstari unaosema "ziara ya pili: tunutu", yaani watoto wa mdudu ambao hawajakomaa. Tulipompigia simu kupanga siku ya kurudi alitujibu tusisumbuke, wameshaisha.

Kunguni ana hatua tatu za maisha: yai, tunutu na mdudu kamili. Jike aliyeshiba hutaga yai moja hadi matano kwa siku, na kila yai analigandisha kwa ute kwenye mbao inayokwaruza, kwenye tundu la skrubu, kwenye mshono wa godoro. Geuza chaga ya kitanda chako, umulike tochi kwa ubavu: utaona vidonge vyeupe vinavyong'aa, urefu wake milimita moja hivi, vimejipanga kwenye ufa. Pitisha kucha, havitoki kirahisi. Ganda lile ndilo tatizo letu sote, kwa sababu dawa nyingi za kupuliza hazipenyi. Siku ya kwanza tunaua wakubwa na tunutu waliopo, ila mayai yanabaki. Kwa joto la Dar yanaanguliwa baada ya wiki moja au siku kumi, na hapo ndipo unapowaona hao "vidogo vyeupe". Ni tunutu wa hatua ya kwanza. Mwili wake unapitisha mwanga, ndiyo maana akishanyonya anageuka mwekundu wote.

Tunutu anajivua gamba mara tano kabla ya kuwa mdudu kamili, na kila mara lazima kwanza anyonye damu. Yale maganda makavu ya kahawia unayoyakuta chini ya godoro si kunguni waliokufa, ni nguo walizovua. Tunutu hatagi. Kwa hiyo kuna kipindi kifupi ambacho mayai ya zamani yameshaanguliwa na mapya bado hayajatagwa, na hicho ndicho tunachokivizia: kati ya siku ya 10 na ya 14. Tukiwahi, mayai bado hayajapasuka. Tukichelewa sana, watoto wanakuwa wazazi.

Ndiyo maana bei yetu ina ziara mbili ndani yake. Mteja anatuambia kuna fundi amemtajia nusu ya bei, na inawezekana kabisa, kwa sababu huyo anakuja mara moja, anapuliza sakafu na kuta kwa nusu saa, anaondoka. Sisi tunafungua kitanda mpaka skrubu ya mwisho, tunatoa vifuniko vya soketi, tunageuza kochi na kuangalia kitambaa cha chini, tunakagua pazia kwenye pindo la juu. Dawa yenyewe si sehemu kubwa ya gharama. Gharama ni saa za watu wawili wanaojua mahali pa kuangalia.

Sasa njia ya mkato. Kila mtaa una yule kijana anayepita na spika, "dawa ya kunguni, mende, panya, viroboto". Chupa haina lebo, haisemi ni sumu gani wala ya mwaka gani. Sumu nyingi za nyumbani, za chupa na za kopo, ni za ukoo mmoja: piretroidi, zilizotengenezwa kiwandani kwa kuigiza sumu ya maua ya pareto, yale yale yanayolimwa Iringa na Mbeya na kule Nakuru. Ukibadilisha kopo la bluu kwa jekundu hujabadilisha ukoo. Kunguni wanaopona ndio wanaozaa, na watoto wanarithi uwezo wa kuhimili. Kwenye karatasi tunaandika "usugu", na tukiandika hivyo ujue tutatumia sumu ya ukoo mwingine, na ndiyo sababu bei imepanda.

Tena sumu hizo zinawafukuza kabla ya kuwaua. Mbagala kulikuwa na nyumba ya kupanga ya vyumba sita. Kaka wa chumba cha mwanzo alipuliza chupa tatu usiku mmoja akafurahi, kwake pakatulia. Kunguni walipita juu ya dari, ambayo kwenye nyumba zile ni moja kwa vyumba vyote, wakahamia kwa wenzake. Tulipoitwa, kazi ilikuwa ya vyumba sita badala ya kimoja, na mwenye nyumba alilipa huku akitulalamikia sisi.

Kuna mkato mmoja hatuufanyi kwa bei yoyote: vile vidonge vya kuhifadhia mahindi. Vidonge hivyo vikipata unyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo ni ya ghala lililozibwa na lisilo na watu, inapita kwenye nyufa na juu ya dari, na imeua watu waliolala chumba cha pili ambao hawakujua kama jirani ameweka chochote. Mzee mmoja wa Tandika alitusihi tumwekee viwili tu chini ya kitanda kwa sababu duka la pembejeo linaviuza rahisi. Tulikataa, akatuita waoga, na mpaka leo hatujarudi kwake. Ukivikuta chumbani, toa watu kwanza, wote, na watoto wa jirani pia. Usivimwagie maji wala usivishike.

Mende nao wana yai lao la namna yake: kifuko. Yule mdogo wa jikoni, Blattella germanica, anabeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40 nyuma ya mwili mpaka karibu yaanguliwe. Yule mkubwa wa chemba, Periplaneta americana, anakidondosha mahali pa siri kikiwa na mayai kama 15. Dawa ya kupuliza haiingii kwenye kifuko, kwa hiyo jikoni tunatumia jeli: nukta ndogo ndogo kwenye bawaba za kabati, nyuma ya friji, chini ya sinki. Mende anakula, anakwenda kufia mafichoni, na tunutu wanaokula kinyesi chake na mzoga wake wanakufa pia. Inachukua siku kadhaa. Mama mmoja mwenye mgahawa Kariakoo hakuvumilia. Siku ya pili alipuliza dawa ya kopo juu ya nukta zetu zote "ili kuongeza nguvu". Mende wakaikwepa jeli kwa sababu ilikuwa inanuka dawa. Ilibidi tufute kila nukta na kuweka upya, na safari hiyo alilipia.

Kunguni na mende wanakua bila kubadilika sana, mtoto anafanana na mzazi. Wengine wana hatua nne: yai, buu, pupa (buu anapogeuka kuwa mkubwa), mdudu kamili. Hapo wamo nzi, mbu (buu wake ndiye kiluwiluwi wa kwenye pipa lako la maji), fukusi wa mahindi, na viroboto. Viroboto ndio wanaotuletea lawama kubwa kuliko wote. Pupa wake amejifunika kwa hariri iliyogandamana na vumbi, dawa haimfikii, na anaweza kungoja humo kwa miezi mpaka asikie mtikisiko wa nyayo au joto la mwili. Familia moja ya Kigamboni ilirudi kutoka safari ndefu, nyumba ilikuwa imefungwa, paka alishahama. Walipoingia sebuleni viroboto waliwarukia miguuni kwa mara moja. Tukapiga dawa, na kwa wiki mbili baadaye wakawa wanaendelea kutoka mmoja mmoja. Baba mwenye nyumba alidai tumewaongeza. Tulimwomba afanye jambo moja, afagie na kutikisa mazulia kila siku ili pupa wapasuke upesi na watoke juu ya dawa ambayo bado ina nguvu sakafuni. Alifanya, wakaisha. Wengi wanafanya kinyume: wanapiga deki siku hiyo hiyo kwa maji ya sabuni, wanaondoa dawa yote.

Kupe tunawaandika ukurasa wa peke yao. Wana miguu minane, si wadudu, na si kila dawa ya wadudu inawafaa. Kumbikumbi je? Wakitoka ndani ya ukuta wako masika, usifagie ukashukuru. Hao ni mchwa walioota mabawa kwenda kuanzisha makoloni mapya, na koloni lililowazaa lipo karibu na msingi wa nyumba. Oili chafu unayomwaga hapo haitalifikia.

Fundi yeyote utakayemwita, sisi au mwingine, mwambie akuonyeshe chombo cha dawa chenye lebo, jina la sumu na namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya serikali inayosajili viuatilifu Tanzania. Mwulize atarudi lini na kwa nini siku hiyo. Kwa waliopo kwenye ratiba yetu: ukiona tunutu kabla ya ziara ya pili, usipulize chochote. Mnase kwa selotepu, mbandike karatasini, weka sarafu pembeni tuone ukubwa, piga picha ututumie. Na wakionekana ndani ya mwezi mmoja baada ya ziara ya pili, tunakuja bila malipo.