Kwa Nini Tunaomba Kuiwasha Upya Seva Yako Baada ya Kusasisha Kerneli

Wateja kadhaa wametuuliza kwa nini, baada ya kuwaarifu kwamba tumekwisha kusasisha kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, kwenye seva zao, tunarudi kuomba dakika chache za kuizima na kuiwasha upya. Swali ni la haki, na jibu lake huonekana vizuri zaidi kwenye kasoro moja halisi: ile iliyosajiliwa kwenye orodha ya wazi ya kasoro za usalama kwa namba CVE-2022-0185, iliyotangazwa Januari 2022 ingawa ilikuwa imejificha ndani ya kerneli tangu toleo la 5.1 la mwaka 2019.

Mfumo wa faili unapoambatishwa, yaani diski au hifadhi nyingine inapounganishwa ili faili zake zisomeke, kerneli hupokea maelekezo yanayofuatana na ombi hilo na kuyapanga, mkato ukiyatenganisha, ndani ya kipande cha kumbukumbu chenye ukubwa wa ukurasa mmoja, yaani baiti 4096 kwenye seva nyingi. Kabla ya kuongeza elekezo jipya ilipaswa kuhakikisha kuwa nafasi inatosha, na ilifanya hivyo kwa kutoa: ilichukua 4096, ikaondoa 2 za mkato na alama ya mwisho, ikaondoa na baiti zilizokwisha kujaa, kisha ikauliza kama elekezo jipya ni refu kuliko salio. Sasa tuseme zimekwisha kujaa baiti 4095. Kwa hesabu ya daftarini salio ni hasi 1, lakini aina ya namba iliyotumika hapo haina hasi, kwa hiyo salio hilo hugeuka kuwa namba yenye tarakimu 20. Ukaguzi unapita, na maandishi yanavuka mpaka hadi kwenye kumbukumbu ya jirani, ambamo kerneli huenda imeweka mambo yake mengine.

Marekebisho yalikuwa ya mstari mmoja. Badala ya kutoa, kerneli sasa hujumlisha baiti zilizojaa, zinazoingia na zile 2, na jumla ikizidi ukurasa, ombi hukataliwa. Hesabu ni ileile ya shule ya msingi, ila imepangwa upande usioteleza.

Ingekuwa ni msimamizi wa seva peke yake anayeweza kuifikia njia hiyo, tusingekuwa na haraka. Lakini mifumo mingi humruhusu mtumiaji wa kawaida kujiundia eneo lake lililotengwa, ambamo huhesabiwa kama msimamizi, na kutoka humo angeweza kuichochea kasoro na hatimaye kuishika seva nzima. Palipokuwa hapahitajiki kontena, yaani programu zinazoendeshwa ndani ya maeneo kama hayo yaliyotengwa, tuliifunga ruhusa hiyo kwanza, kama kinga ya muda.

Kuhusu kuwasha upya: kusasisha huweka kerneli mpya kwenye diski tu, ilhali inayofanya kazi ni ile ya zamani iliyopakiwa kwenye kumbukumbu siku seva ilipowashwa, pamoja na kasoro yake. Zipo huduma za kubandika kiraka bila kuzima, nazo zinafaa kwa asiyeweza kusimama hata dakika moja, lakini kwa duka linalofungwa usiku hatuoni sababu ya kuzilipia. Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, andika amri uname -r kabla hatujaanza na baada ya kumaliza. Namba ya toleo ikiwa haijabadilika, tupigie simu turudie kazi.